Kila Kutupa ni Kutupia: Lugha ya Kanuni za Taka za Dawa katika Vituo vya Afya, kwa Kurejelea Pumwani, Nairobi

Ikisiri

Makala haya yanachunguza uhusiano uliopo kati ya lugha na utekelezaji wa kanuni za kuondoa taka za dawa katika vituo vya afya. Nchini Kenya kanuni hizo zimeandikwa kwa Kiingereza, ilhali kazi yenyewe hufanywa na watu ambao, kwa sehemu kubwa, huagizana na kuelezana kwa Kiswahili. Makala yanashikilia kwamba kitenzi kinachotumiwa mno katika shughuli hii, yaani kutupa, kinaficha jambo lile lile ambalo sheria inalisisitiza: kwamba taka ya dawa haiachani na aliyeizalisha mpaka ithibitishwe kuwa imeangamizwa. Kwa kuzingatia maana ya msamiati, kauli za vitenzi na muundo wa matangazo, makala yanapendekeza vitenzi saba mahali pa kimoja, na yanatoa kielelezo cha tangazo linaloweza kubandikwa katika wadi.

1. Utangulizi

Mwanafunzi wa Kiswahili anapotajiwa kanuni za taka za dawa, huenda akadhani kuwa hilo ni jambo la mfamasia, la afisa wa afya ya umma na la mwanasheria. Dhana hiyo ina ukweli, lakini si ukweli wote. Kanuni huanza kama maneno. Yasipoeleweka na yule anayepaswa kuyatekeleza, hubaki karatasini hata kama yameandikwa na wataalamu waliobobea.

Chukulia mfano wa kubuni. Katika wadi ya wazazi, zamu ya mchana inakaribia kwisha. Muuguzi anamwita mhudumu wa usafi na kumwonyesha trei ndogo. Ndani yake mna kichupa cha chanjo ya kifua kikuu, yaani BCG, kilichofunguliwa asubuhi na kubakiwa na dawa. Ampuli kadhaa za oksitosini zilizosahauliwa nje ya jokofu. Na vidonge vya viuavijasumu vilivyoachwa na mgonjwa aliyeruhusiwa kwenda nyumbani. Muuguzi, kwa adabu na kwa haraka ya kazi, anasema, "Dada, nitupie hizi." Mhudumu anaitikia, anachukua trei na kuondoka.

Hapana aliyekosa heshima hapo, wala hapana aliyekusudia ubaya. Hata hivyo vitu vitatu vilivyohitaji njia mbili tofauti vimepewa kitenzi kimoja. Chanjo ya BCG ina bakteria hai waliodhoofishwa, kwa hiyo kichupa chake ni taka yenye uwezo wa kuambukiza. Kwa mujibu wa mwongozo wa Shirika la Afya Duniani (WHO), chanjo hiyo ikishachanganywa haipaswi kutumiwa baada ya saa 6 au baada ya kipindi cha kuchanja kumalizika, lolote litakalotangulia. Oksitosini huhifadhiwa kwenye nyuzi 2 hadi 8 za selsiasi; ikiachwa kwenye joto hupoteza nguvu, na dawa iliyopoteza nguvu ni hatari kwa mama anayevuja damu baada ya kujifungua. Vidonge vya mgonjwa navyo havipaswi kurudishwa rafuni wala kuishia mfukoni mwa mtu. Oksitosini na vidonge vilistahili kurejeshwa kwa mfamasia na kuandikwa. Kichupa kilistahili chombo cha taka za kuambukiza. Yote haya yamemezwa na neno nitupie.

Swali linaloongoza makala haya basi ni hili: je, Kiswahili kinachotumiwa kazini kinamsaidia mhudumu kutii kanuni, au kinamzuia asizione?

2. Pumwani: mahali na lugha yake

Pumwani ni miongoni mwa mitaa ya kwanza ambayo serikali ya kikoloni iliwatengea Waafrika jijini Nairobi, mwanzoni mwa miaka ya 1920. Hasa katika sehemu ya Majengo, mtaa huu umekaliwa tangu hapo na Waislamu wa asili mbalimbali ambao Kiswahili ndicho kilichowaunganisha. Katika jiji ambamo wakazi wengi hujifunza Kiswahili kama lugha ya pili, hapa kuna familia ambazo watoto wake hukinyonya pamoja na maziwa ya mama.

Katika mtaa huu ndiko iliko Hospitali ya Uzazi ya Pumwani. Ilianzishwa mwaka 1926 na kuhusishwa na jina la Lady Grigg, mke wa Gavana Edward Grigg, na leo ni mojawapo ya hospitali kubwa zaidi za uzazi katika Afrika Mashariki. Kwa miaka mingi ilisimamiwa na Baraza la Jiji la Nairobi. Baada ya mfumo wa ugatuzi kuanza mwaka 2013, ikawa chini ya Serikali ya Kaunti ya Jiji la Nairobi. Katika mitaa inayoizunguka kuna zahanati, kliniki na maduka ya dawa. Soko la Gikomba liko karibu, na Mto Nairobi unapita hapo hapo.

Ieleweke kwamba makala haya hayatoi hukumu juu ya hospitali hii wala kituo kingine chochote. Pumwani imeteuliwa kwa sababu inakutanisha mambo matatu katika eneo dogo: matumizi makubwa ya dawa, msongamano wa watu, na jamii yenye Kiswahili cha tangu zamani. Panapokutana mambo hayo, gharama ya neno lisilofaa huonekana upesi kuliko kwingine.

3. Dawa na sumu katika msamiati wa Kiswahili

Maneno dawa na sumu yote mawili yana asili ya Kiarabu, na mazungumzo ya kawaida huyaweka pande mbili zinazopingana. Moja huponya, jingine huua. Lakini matumizi ya Kiswahili chenyewe hayakubali mpaka huo. Mswahili husema dawa ya homa na dawa ya kikohozi. Papo hapo husema dawa ya mbu, dawa ya mende na dawa ya panya. Dawa ya panya haimponyi panya. Neno dawa, kwa hiyo, halimaanishi kile kinachoponya tu, bali kitu chochote chenye nguvu ya kubadilisha hali ya kiumbe au ya kitu kingine. Nguvu hiyo huelekezwa kwenye uzima au kwenye mauti kwa kutegemea nani anaitumia, kiasi gani na wakati gani.

Sheria ya Kenya inaafikiana na welekevu huo wa lugha. Sheria kuu inayodhibiti dawa nchini, Sura ya 244 ya Sheria za Kenya iliyoanza kutumika mwaka 1957, inaitwa Sheria ya Famasia na Sumu, na chombo kinachoisimamia ni Bodi ya Famasia na Sumu. Dawa na sumu zimewekwa chini ya paa moja kwa sababu ni kitu kimoja katika hali mbili.

Jambo hili lina uzito katika suala la taka. Mtu anayeamini kwamba dawa ni kinyume cha sumu ataona kwamba dawa iliyopitwa na muda ni dawa iliyochoka tu, haina neno. Ataiweka kabatini, atampa jirani, au ataimwaga kwenye sinki. Anayekumbuka dawa ya panya atafikiri vingine. Viuavijasumu vikimwagwa kwenye mfereji wa maji taka huweza kuua bakteria ambao mitambo ya kusafishia maji hayo huwategemea, ndiyo maana WHO huonya dhidi ya tendo hilo. Dawa za kuua seli za saratani hazipoi sumu yake kwa kufukiwa. Huhitaji moto wa zaidi ya nyuzi 1,200 za selsiasi. Dawa hufa tu inapouawa kwa utaratibu unaoifaa.

4. Kitenzi tupa na kauli zake

Kitenzi tupa kina familia pana ya matumizi. Mtu hutupa jiwe, hutupa macho, hutupa wavu. Mtu aliyeachwa bila msaada na jamaa zake husemwa kuwa ametupwa. Katika matumizi haya yote kuna fikira moja inayojirudia: kitu huondoka mkononi, na mkono ukawa huru. Kutupa ni kumaliza uhusiano. Methali isemayo usitupe mbachao kwa msala upitao inategemea fikira hiyo hiyo, kwani inamwonya mtu asikate uhusiano ambao baadaye atauhitaji.

Kanuni za taka za dawa zimejengwa juu ya fikira iliyo kinyume kabisa. Kanuni za Usimamizi wa Taka za mwaka 2006, zilizotungwa chini ya Sheria ya Usimamizi na Uratibu wa Mazingira ya mwaka 1999, zilimbebesha mzalishaji wa taka wajibu wa kuzikusanya, kuzitenganisha na kuziondoa kwa njia iliyowekwa. Zilidai pia kwamba asafirishaye taka awe na leseni ya Mamlaka ya Kitaifa ya Usimamizi wa Mazingira (NEMA), na kwamba safari ya taka ifuatiliwe kwa hati maalumu. Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya mwaka 2022 iliupanua wajibu huo hadi kwa watengenezaji na waingizaji wa bidhaa, ambao sasa huhusishwa na hatima ya bidhaa zao hata baada ya kuuzwa. Kwa ufupi, Kiswahili cha wadini kinasema mkono umekuwa huru. Sheria inasema mkono bado umeshika.

Sarufi ya Kiswahili, hata hivyo, ina njia ya kuifichua kasoro hii. Kitenzi tupa kikipewa kauli ya kutendea huwa tupia, na kauli hiyo hudai mtendewa. Mtendewa huyo huweza kuwa wa aina mbili. Wa kwanza ni anayefanyiwa tendo kwa faida yake: nitupie hizi, yaani zitupe kwa niaba yangu, unipunguzie kazi. Wa pili ni yule ambaye kitu kilichotupwa kinamwangukia: amemtupia jiwe. Katika sentensi ya muuguzi mtendewa wa kwanza ametajwa. Ni yeye mwenyewe. Mtendewa wa pili hakutajwa, lakini yupo. Vidonge vikiingia katika mfuko wa taka za kawaida, mfuko huo utafunguliwa na mtu. Sarufi inamdai mtu huyo, na maisha yanamleta.

Ni nani basi? Taka nyingi za Nairobi huishia katika jaa la Dandora, mashariki mwa jiji, ambalo lilianza kutumika katika miaka ya 1970. Watu huishi kandokando yake, na wengine hupata riziki kwa kuokota vitu vinavyoweza kuuzwa. Mwaka 2007 Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira (UNEP) lilitoa ripoti ya uchunguzi uliowahusu watoto 328 wa maeneo yanayopakana na jaa hilo. Takriban nusu yao walikuwa na risasi damuni kwa kiwango kilichopita kile kilichokubaliwa kimataifa. Risasi si dawa, na kisa hicho hakithibitishi lolote kuhusu kituo fulani cha afya. Kinachothibitisha ni kwamba jaa si mwisho wa safari ya taka. Kilichotupwa huko hupata mtu wa kumwingia mwilini.

Mto nao ni mtendewa. Mwaka 2012 ulichapishwa utafiti ulioonyesha mabaki ya dawa katika maji ya bonde la Mto Nairobi, yakiwemo ya viuavijasumu, dawa za maumivu na dawa za kupunguza makali ya virusi vya UKIMWI. Sehemu kubwa ya mabaki ya aina hii hutoka katika miili ya watu na kupitia mifereji ya maji taka, si mapipa ya hospitali pekee. Lakini mto uliokwisha kubeba mzigo huo hauhitaji kuongezewa na sinki la zahanati.

Ndiyo sababu makala haya yanasema kwamba kila kutupa ni kutupia. Tofauti iliyopo ni kama mtendewa amefikiriwa au amesahauliwa.

5. Vitenzi saba vya kanuni

Kitenzi tupa kikiwekwa kando, ni vitenzi gani vitakavyobeba maana ya kanuni? Ukizichambua sheria na miongozo inayohusika, utapata angalau vitenzi saba, na kila kimoja kina mtendaji wake.

Cha kwanza ni kutenga. Taka hutengwa pale pale zinapozaliwa, kabla hazijachanganyika. WHO hukadiria kwamba takriban asilimia 85 ya taka za shughuli za afya ni za kawaida zisizo na madhara makubwa, na asilimia 15 tu ndizo za hatari. Zikichanganywa, zote huwa za hatari na gharama ya kuziangamiza hupanda. Nchini Kenya hutumiwa rangi: nyeusi kwa taka za kawaida, manjano kwa zenye kuambukiza, nyekundu kwa zenye hatari kubwa ya kuambukiza zikiwemo sehemu za mwili. Kwa taka za dawa na kemikali, mwongozo wa WHO wa mwaka 2014 hutaja rangi ya kahawia. Mtendaji wa kitenzi hiki ni muuguzi au daktari aliyeitumia dawa, si mhudumu anayekuja baadaye.

Cha pili ni kuorodhesha. Jina la dawa, nguvu yake, idadi, nambari ya toleo, tarehe ya kupitwa na muda na sababu ya kuondolewa huandikwa. Dawa isiyoandikwa ni rahisi kurudi sokoni. Mtendaji ni mfamasia au fundi dawa.

Cha tatu ni kuhifadhi. Dawa zinazosubiri kuangamizwa hufungiwa mahali pake, mbali na zile zinazotumika, zikiwa na alama wazi. Dawa za kulevya zitumiwazo kutuliza uchungu, kama vile pethidini, huhitaji ulinzi zaidi.

Cha nne ni kuomba idhini. Utaratibu wa Bodi ya Famasia na Sumu ni kwamba kituo huiarifu kwa maandishi kuhusu dawa kinazotaka kuziangamiza, na shughuli hiyo husimamiwa na mkaguzi. Kituo cha umma kina mzigo wa ziada: Sheria ya Ununuzi wa Umma na Uondoaji wa Mali ya mwaka 2015 inataka kuwepo kwa kamati ya kuondoa mali isiyofaa tena, na dawa iliyonunuliwa kwa fedha za umma ni mali.

Cha tano ni kukabidhi. Hiki kinastahili kutazamwa na mwanaisimu. Kitenzi tupa hutosheka na yambwa moja: mhudumu ametupa vidonge. Kitenzi kabidhi hudai yambwa mbili: mhudumu amemkabidhi dereva vidonge. Hakuna kukabidhi pasipo mpokeaji. Hati ya kufuatilia taka, ukiitazama kwa jicho la sarufi, ni sentensi ya kitenzi kabidhi iliyotiwa sahihi: fulani amemkabidhi fulani kiasi fulani, siku fulani, akipeleke mahali fulani. Yeyote atakayeacha nafasi moja wazi ameiharibu sentensi, na ameivunja kanuni.

Cha sita ni kuteketeza, au kuangamiza kwa njia nyingine iliyoruhusiwa. Mwongozo wa WHO wa mwaka 1999 ulichangiwa na mafunzo ya misaada ya dawa iliyopelekwa Bosnia na Herzegovina kati ya mwaka 1992 na 1996, ambapo takriban tani 17,000 za dawa zisizofaa zililundikana. Mwongozo huo unakataza kuchoma dawa katika vyombo vya wazi kwa moto mdogo, kwani moshi wake hubeba sumu. Tanuri la vyumba viwili hutakiwa kufikia angalau nyuzi 850 za selsiasi. Pasipo na tanuri la namna hiyo, dawa ngumu zinaweza kufungiwa ndani ya saruji: pipa hujazwa dawa hadi robo tatu, kisha humiminiwa mchanganyiko wa chokaa, saruji na maji kwa uwiano wa uzito wa 15:15:5, likazibwa na kuzikwa.

Cha saba ni kuthibitisha. Kituo hupata hati inayoonyesha kwamba dawa zilizoorodheshwa ndizo zilizoangamizwa. Hapa tu ndipo mkono unapokuwa huru.

Iwapo patatakiwa msemo wa Kiswahili unaokaribia hekima ya kanuni hizi, uko: kutupa jongoo na mti wake. Katika suala hili jongoo ni dawa, na mti ni kasha, kichupa na lebo. Kasha zima lenye lebo nzuri likiachwa jaani, mlaghai anaweza kulijaza vidonge bandia na kuliuza. Kwa hiyo lebo huchanwa na kasha huharibiwa. Ni ajabu kwamba msemo huu, ingawa umejengwa kwa kitenzi tupa, unamkumbusha msikilizaji kwamba tendo halijakamilika mpaka kilichobeba uovu nacho kimeondoka.

6. Mtendaji aliyefichwa: muundo wa matangazo

Matangazo ya Kiswahili yanayobandikwa mahali pa kazi hupenda kauli ya kutendwa: taka zitupwe hapa, dawa zirudishwe, mlango ufungwe. Muundo huu una adabu. Hauamrishi mtu usoni. Lakini katika jambo la hatari una hasara. Dawa zirudishwe na nani? Kwa nani? Lini? Kila msomaji humwachia mwenzake, na dawa zikakaa pale zilipo. Kiambishi -w- kimempokonya mtendaji wajibu wake kwa upole.

Kanuni hutaka kinyume cha hayo. Hutaka jina la cheo mbele ya kila tendo. Kwa hiyo tangazo la wadi lingefaa kuandikwa kwa kauli ya kutenda, hivi:

Muuguzi: tenga dawa zilizobaki kabla ya kuweka chochote mfukoni.
Muuguzi: vichupa vya chanjo vilivyofunguliwa, weka katika chombo cha manjano.
Muuguzi: dawa nyingine zote zilizobaki au kuharibika, mkabidhi mfamasia na utie sahihi.
Mfamasia: orodhesha, fungia, na uombe idhini ya kuziangamiza.
Mhudumu: usipokee dawa katika mfuko wa taka za kawaida. Ukipewa, rudisha. Una haki ya kukataa.

Mstari wa mwisho ndio wenye uzito zaidi. Kanuni iliyoandikwa kwa lugha asiyoisoma haimpi mhudumu haki ya kukataa. Humpa tu lawama baada ya ajali. Mhudumu anayejua kwamba kitenzi chake ni kukabidhi na si kutupa anaweza kusema, "Samahani sista, hizi ni za mfamasia." Hapo adabu na sheria zimekaa pamoja.

7. Pingamizi na majibu

Yapo mapingamizi mawili yanayostahili kujibiwa. La kwanza ni kwamba lugha haiteketezi dawa. Kituo kisicho na fedha za kumlipa msafirishaji mwenye leseni, au kisichoweza kufikia tanuri linalofaa, hakitaokolewa na kitenzi. Pingamizi hili ni la kweli. Vitenzi saba haviwezi kuwa badala ya bajeti, na utaratibu wa idhini ukichukua muda mrefu, bohari hujaa. Lakini kutenga na kuorodhesha, ambavyo ndivyo mwanzo wa yote, hugharimu kidogo sana kuliko teketezo. Tena kituo kilichoorodhesha vizuri kina hoja ya kuomba fedha, kwa kuwa kinaweza kutaja kiasi. Kilichotupa hakina cha kutaja.

Pingamizi la pili ni kwamba Kiswahili hakina istilahi za kutosha. Hili si kweli. Kila kitenzi kilichotajwa hapo juu kimo katika kamusi na kinywani mwa watu. Istilahi chache zinazokosekana huweza kuelezwa kwa maneno ya kawaida, na pale ambapo vijana wa Eastlands husema dawa zimeekspaya, mkufunzi anaweza kuanzia hapo na kuwafikisha kwenye dawa zilizopitwa na muda bila kumdharau yeyote. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika kifungu cha 7, inakifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na pia mojawapo ya lugha rasmi mbili. Kifungu cha 42 kinampa kila mtu haki ya mazingira safi na yenye afya. Haki ya kifungu cha 42 haiwezi kulindwa na mtu asiyeelezwa kwa lugha ya kifungu cha 7. Jirani zetu wa Tanzania walirekebisha sheria zao mwaka 2021 ili Kiswahili kiwe lugha ya sheria na ya mahakama. Kazi hiyo ni ndefu, lakini inaonyesha kwamba njia inapitika.

8. Mapendekezo na hitimisho

Kutokana na uchambuzi huu, mambo matatu yanapendekezwa. Kwanza, idara za Kiswahili za vyuo vikuu zishirikiane na shule za famasia na uuguzi kutafsiri miongozo ya taka za dawa, si kwa kutafuta neno moja la Kiswahili kwa kila neno la Kiingereza, bali kwa kuuliza ni tendo gani linatakiwa na nani analitenda. Pili, wanafunzi wa isimu watumie matangazo ya hospitali kama data ya kufundishia kauli za vitenzi. Darasa litafaidika, na hospitali itafaidika. Tatu, mafunzo ya wahudumu wa usafi yatolewe kwa Kiswahili, yakianza na vitenzi kabla ya adhabu.

Makala haya yamejaribu kuonyesha kwamba utiifu wa kanuni huanzia katika sentensi. Muuguzi aliyesema nitupie hizi hakukosea sarufi. Sarufi yake ilikuwa sahihi kuliko alivyodhani, kwa sababu ilikuwa na nafasi ya mtu ambaye dawa zile zingemfikia. Nafasi hiyo haikujazwa jina, lakini haikuwa tupu. Huenda alikuwa mtoto wa Dandora, mnunuzi wa kasha la bandia, au mhudumu yule yule aliyeitikia kwa heshima na kuondoka na trei. Siku muuguzi atakaposema, "Dada, nipelekee hizi kwa mfamasia, kitabu cha kutia sahihi hiki hapa," kanuni itakuwa imetekelezwa, na itakuwa imetekelezwa kwa Kiswahili.